Nisikilize Nikipita

Jumatano, 16 Septemba

Baba Kasuku kaingia kabatini tena. Mtu mzima na mvi zake, kichwa ndani ya kabati katikati ya mashati ya watu niliyoyapiga pasi, makalio nje. Anasema ofisini kuta zinarudisha sauti, kwenye nguo inatulia. Hivyo hivyo ndivyo alivyorekodi lile tangazo la mwanzo, la Kaeni Ndani. Miezi yote hii gari la matangazo la serikali linapita mitaani na sauti yake inaamuru watu wanawe, wavae barakoa, watoto wasitoke. Yeye mwenyewe ndiye dereva, yeye ndiye sauti. Mji mzima umefungwa na mume wangu! Najivuna na kuona haya kwa wakati mmoja.

Leo karekodi tangazo jipya. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nimesikia. Soko litafunguliwa siku nzima. Katazo la kutoka jioni limeondolewa. Shule zote Jumatatu ya tarehe 28. Wataalamu wamekaa na kuridhika kwamba hali — hm-hm — ni shwari.

Hapo kwenye hm-hm mkono wangu ukasimama juu ya pasi. Kule kujikohoza nakujua mimi. Alijikohoza vile mbele ya marehemu baba yangu aliposema ana kiwanja. Alijikohoza aliponiambia bati jipya halivuji. Lile la Kaeni Ndani alilisoma moja kwa moja kama maji ya bomba.

Alipotoka nikamuuliza, unaumwa? Vumbi, anasema. Vumbi! Kabatini mwangu!

Halafu kuna hili. Mchana redio imesema madaktari wakubwa wanakutana Ijumaa, ndipo waamue kama tufungue au tuendelee kukaa. Ijumaa! Leo ni Jumatano. Sasa mume wangu kasoma wapi leo walichokubaliana keshokutwa? Nikamuuliza hivyo hivyo. Akasema ofisi hujiandaa mapema, na madaktari wakikataa basi kadi ya kurekodia inafutwa, hakuna makubwa. Na nisilitoe nje, anabembeleza, nisije nikamkosesha kazi.

Binti yetu Kasuku kasikia neno shule tu. Karukaruka kitandani mpaka chaga zikalia. Kifua nacho kikaanza kupiga filimbi. Nikampa dawa yake ya kuvuta, nikamkalisha mapajani, mtoto mwenye miguu mirefu kunishinda, nikamsugua mgongo mpaka kikanyamaza. Hata hapo anaongea. Hilo jina hakulipata bure.

Ijumaa, 18 Septemba

Madaktari wamekaa. Wameridhika. Hali ni shwari — neno kwa neno! Msemaji wa redio hajamaliza, mimi nimeshammalizia. Wifi akageuka kunitazama. Wifi, umeanza uganga?

Wifi huyu ni dada yake Baba Kasuku. Msusi. Tangu saluni zifungwe amehamia kwetu na vitana vyake na kelele zake. Nikashindwa kujizuia, nikamsimulia la kabatini. Mdomo wangu huu!

Hakushtuka hata kidogo. Anasema wangeota ndotoni au wangesoma kwenye masizi ya sufuria, yeye shida yake wafungue. Nia yao itamsuka nani? Vichwa vya watu huko nje vimekuwa viota vya ndege.

Nikamwambia wewe una vichwa, mimi nina kifua cha mtoto.

Akasema kwa sauti ndogo, kwani mimi simpendi? Nikaona nimemkosea. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali ile siku ya mvua, viatu vyake vikabaki kwenye tope mpaka leo. Nikamkaribisha chai. Tukacheka ya viatu.

Lakini sikulala vizuri mchana. Nageuza tu. Kama ugonjwa umeondoka — umeenda wapi? Nani kauona ukiondoka?

Jumapili, 20 Septemba

Ubishi uani leo, karibu watu wapigane na vikombe mkononi.

Alianza Fundi Redio, jirani wa mlango wa kulia. Huyu hutengeneza redio na kubishana nazo. Akamuuliza Baba Kasuku, jirani, mbona ugonjwa umepona mwezi ule ule wa kampeni? Maana mkutano wa hadhara haufanyiki watu wakiwa wamejifungia. Mgombea atahutubia nani, kuku?

Baba Kasuku akasema wagonjwa wamepungua, hospitali yenyewe imesema.

Fundi akasema hospitali imesema au imesemeshwa?

Wifi akaingia. Akasema kura hawana haja nayo, wanataka ushuru wa soko, hazina imekauka, wameshindwa hata kujaza mafuta gari la kaka. Halafu akaongeza, na wachukue tu, mradi nifungue.

Kila mtu ana nia yake ya kuwapa! Mmoja kura, mmoja ushuru, mmoja afya ya watu. Nikawaza, wenyewe wanaweza kuwa na zote tatu kwenye mfuko mmoja. Lakini sikusema. Nilikuwa namtazama mume wangu. Anaitetea serikali kama mtu anayevaa kiatu cha mwenzie.

Fundi mwisho akanigeukia mimi. Mama Kasuku, wewe ndiye unayelala na serikali. Inasemaje usingizini?

Watu wakaangua kicheko. Nikasema inakoroma tu. Lakini moyoni nimeona — wanadhani najua. Na kweli kuna ninachokijua! Nikanyanyua vikombe nikaingia ndani.

Jumanne, 22 Septemba

Sare zimeanza kuja. Mama Pacha kaleta za wanawe wawili. Mke wa Fundi kaleta ya binti yake, na imembana, binti kakua akiwa ndani kama mmea kwenye kopo. Mwingine na mwingine. Wote wananiambia neno moja: piga pasi, lakini zikae hapa kwako kwanza. Mpaka lini? Mpaka Jumatatu tuone kama wa kwako atatoka.

Yaani mtoto wa mtangazaji akitoka, ni salama. Asipotoka, kuna jambo. Redio hawaiamini, bosi wa Baba Kasuku hawamwamini, wanaangalia mlango wangu! Mimi, niliyeishia darasa la nne!

Kwa hiyo ukuta mzima wa chumba umejaa sare zimetundikwa. Watoto bila watoto. Kasuku anapita akizigusa mikono na kuzisalimia kwa majina ya wenyewe.

Nikamwambia nafikiria akae kwanza, tuone wiki moja mbili. Uso ukabadilika. Ni mwaka wake wa mtihani wa mwisho. Anasema wenzake wanasoma kwa simu, yeye anasoma daftari lile lile mpaka kurasa zimelegea. Nikamwambia kifua, mwanangu. Akasema — taratibu, bila kelele, na ndiyo iliyoniuma — mama, mbona kifua kinanibana zaidi ukiwasha pasi?

Pasi yangu ya mkaa. Naiwasha hapo hapo mlangoni tangu tufungiwe ndani, sababu nje askari walikuwa wanafukuza watu. Moshi wote unaingia. Miezi yote hii namlinda na hewa ya watu, kumbe namlisha hewa ya kwangu.

Nimeihamishia pasi nyuma ya choo. Napiga pasi huku nimeinama. Machozi, lakini ni ya moshi. Mengine si ya moshi.

Alhamisi, 24 Septemba

Makubwa!

Leo ndiyo ilikuwa siku ya gari kuanza kupita na tangazo jipya. Watu wametoka milangoni kusubiri, ijapokuwa redio imeshasema. Redio ni ya wakubwa, gari ni letu. Likaingia mtaani pole pole, spika juu, Baba Kasuku kwenye usukani. Likasema:

"Ndugu wananchi, bakini majumbani. Hatari bado ipo. Usimtoe mtoto nje ya nyumba."

La zamani! La Kaeni Ndani! Na lile halina kikohozi, linasema kama maji ya bomba.

Mama Pacha akamvuta mwanawe mmoja ndani kwa sikio, mwingine akajivuta mwenyewe. Wifi alikuwa amebeba kiti cha saluni kichwani anakirudisha, akasimama nacho katikati ya barabara kama sanamu. Fundi Redio akapiga makofi! Nilisema mimi, anapiga kelele, wanajua kitu hao, redio inasema hivi gari linasema vile! Gari likapita mtaa wetu wote, likakata kona, likaenda mtaa wa nyuma na maneno yale yale. Mpaka bosi alipolifuata kwa pikipiki, tunasikia.

Baba Kasuku karudi jioni. Anasema kadi ina matangazo mawili, la zamani la kwanza, jipya la pili, mashine ikizimika huanza upya na la kwanza. Alikuwa anaendesha, hakusikia vizuri, spika zinatazama mbele.

Hakusikia! Mtaa wa tatu wamesikia.

Ijumaa, 25 Septemba

Bosi wake kaja nyumbani mwenyewe. Mtu wa adabu sana, kavua viatu. Hiyo adabu ndiyo iliyonitisha. Kwa kawaida hutuma mtu.

Anasema kosa la jana limewachanganya wananchi na juu huko hawakufurahi. Dawa zake ni mbili. Moja, Jumatatu asubuhi Baba Kasuku atangaze mwenyewe kwa kipaza sauti, mdomo kwa mdomo, hakuna kadi, yeye bosi atakaa naye garini. Mbili — akamtazama Kasuku, akatabasamu — huyu binti awe wa kwanza kuingia geti la shule. Mpiga picha atakuwepo. Watu wakimwona mtoto wa mtangazaji wetu watatulia.

Nikasema huyu ana kifua. Akasema ooh, pole, lakini hali ni shwari, mama.

Nikamuuliza, wako anarudi Jumatatu?

Hakuwa ametegemea. Akasema wa kwake wanasoma shule ya mbali kidogo, wao wana utaratibu wao, watafungua baadaye. Baadaye! Wifi pale mlangoni akaguna, lile guno lake la kuvunja kiti.

Alipokwenda nikakaa chini sakafuni. Mwanangu anafanywa bango. Bango la kubandika getini, na likinyeshewa wanabandika jingine. Mimi sina jingine.

Kasuku yeye anauliza atasimama vipi kwenye picha.

Jumamosi, 26 Septemba

Tumegombana. Sijawahi kugombana naye hivi tangu ya bati.

Nilianza vizuri. Nikamuuliza, juzi ulikosea kweli? Maana namjua. Kila asubuhi kabla hajawasha gari huweka kadi na kusikiliza sikioni mpaka mwisho, hata chai inapoa, miaka yote. Siku hiyo peke yake asisikilize?

Akasema, "Hm-hm. Nilikosea."

Basi nikajua. Alitaka watu wasikie lile la zamani. Hakuweza kusema hapana ofisini, akaiachia mashine imsemee.

Hapo ningenyamaza ingekuwa heri. Sikunyamaza. Nikamwambia, baba, unajua kwamba ukisema usichokiamini unajikohoza? Kwa baba yangu ulijikohoza, kwenye bati ulijikohoza, kwenye Hali ni Shwari ulijikohoza, na sasa hivi.

Alinitazama kama nimemvua shati mbele ya watu. Hakuwa anajua! Mtu na koo lake mwenyewe! Akacheka kidogo, hakikuwa kicheko. Akasema miaka yote hii ulikuwa unanisikia, ukanyamaza? Nikasema nilikuwa nasikia na nakupenda, yote kwa pamoja, ningefanyaje.

Kisha akaongea, kwa hasira. Kwamba hajui. Hajui kama wanadanganya. Huenda ugonjwa umepungua kweli na huenda wanataka kura, na vyote viwili vikawa kweli, na yeye kazi yake ni kusoma karatasi. Kwamba akikataa atakaa mwingine kwenye gari lile, na dawa ya kuvuta ya Kasuku inatoka kwenye kadi ya matibabu ya kazi yake, nimesahau? Sikusahau.

Nikamwambia basi niambie wewe, baba yake. Si gari. Nimpeleke au nisimpeleke?

Akanigeuzia mgongo. Nikamwona amesimama mbele ya ukuta wa sare, anazitazama. Akaipanga kola moja.

Jumapili, 27 Septemba

Kila mtu anatembea kwa vidole. Wifi kapika, hakuna aliyesifia, hakuna aliyelalamika.

Alimsuka Kasuku kwa ajili ya kesho. Nikamuuliza kwani nani kasema anaenda? Akasema wifi, nywele zikisukwa haziozi, asipoenda atapendeza nyumbani. Kasuku kakaa kati ya magoti yake na kwa mara ya kwanza hakuongea.

Fundi Redio kapitia dirishani. Hana utani leo. Binti yake analia anataka kurudi, mkewe anasema arudi, yeye anasema mtego. Akaniuliza, shemeji, kwa Mungu, wewe unajua nini? Nilitaka kumwambia ya Jumatano na Ijumaa. Lakini nikisema, kazi ya Baba Kasuku imekwenda, na dawa ya mtoto nyuma yake. Nikamwambia sijui, shemeji. Nikajisikia najikohoza.

Jumatatu, 28 Septemba

Naandika nimesimama, daftari juu ya meza ya pasi. Mwandiko umepinda, nitausoma mwenyewe.

Baba Kasuku katoka mapema. Kavaa shati jeupe nililompigia mimi. Mlangoni nikamshika mkono, nikamuuliza kwa mara ya mwisho, nimpeleke? Bosi alikuwa keshafika, anamsubiri garini, kioo kimeteremshwa, anatusikia. Akaniangalia. Akasema maneno mawili tu: nisikilize nikipita.

Akaenda.

Sasa ndiyo nini hiyo? Atanipa ishara? Akijikohoza nimzuie mtoto, asipojikohoza nimtoe? Ni rahisi, nilifikiri. Nikafurahi kabisa. Halafu nikiwa namfunga Kasuku viatu ndipo ikaniingia. Mimi ndiye niliyemwambia! Zamani kikohozi kilitoka chenyewe, hakina mwenyewe, ndiyo maana nilikiamini. Sasa anakijua. Akinyamaza, nitajuaje kama anaamini au anajizuia kwa sababu bosi yuko ubavuni? Na akikohoa, ni koo lake au ni mimi ananibembeleza? Kitu kimoja tu cha uhakika nilikuwa nacho katika maneno yote haya, nimekiharibu kwa mdomo wangu.

Sare nimezigawa asubuhi, wamekuja kuzichukua. Watoto wamevaa. Nawaona. Mama Pacha kasimama mlangoni, mmoja mkono huu mmoja mkono huu. Binti wa Fundi na ile sare ya kubana, baba yake kamshika begi la mgongoni, hamwachii aende wala hamrudishi ndani. Hakuna aliyevuka kizingiti. Mtaa mzima unatazama mlango wangu na mimi natazama barabara.

Wifi yuko saluni kwake, kafungua mlango nusu.

Kasuku yuko mbele yangu. Nywele mpya. Barakoa nimeishona mwenyewe kwa kitambaa cha gauni langu. Dawa ya kuvuta iko mfukoni, nimegusa, nimegusa tena. Kifua nimekisikiliza kwa sikio langu — kimetulia. Pasi sijaiwasha. Anasema mama, hata wasiponipiga picha sawa, mimi nataka darasa tu. Anasema mama unanibana mkono.

Gari hilo. Limekata kona.

Spika inakwaruza. Ni yeye, si kadi. Namsikia anavyovuta pumzi.

Ndugu wananchi, anasema. Anapita nyumba ya kwanza. Soko, siku nzima. Sawasawa, kama maji ya bomba. Jioni, hakuna katazo. Sawasawa. Nimeshika komeo, Kasuku keshaweka mguu mbele. Gari linafika usawa wetu, namwona, hanitazami, anatazama mbele, bosi ndiye anayenitazama. Shule zote, anasema. Wataalamu wameridhika kwamba hali —

Kanyamaza. Hakujikohoza, wala hilo shwari hakulitamka.

Gari linatembea na kimya chake. Mama Pacha ananitazama. Fundi ananitazama. Kasuku anauliza, mama, mbona baba hamalizii?